Tarehe ya Kuaga

Jedwali limebandikwa nyuma ya kioo changu,
limekunjamana pembeni, lina doa la kahawa:
juma la kwanza, karo yote hurudi;
la pili, tisini kwa mia;
la tatu, nusu;
la nne, robo;
la tano, asante kwa kusoma nasi.
(Hayo ya mwisho nimeyaongeza mimi.)

Miaka kumi na tisa nimekaa dirisha hili,
chuo kidogo, kaskazini mwa Michigan,
huku theluji huingia bila kubisha hodi
na Aprili bado imekaa sebuleni.
Nimewaona wanaoondoka:
kijana wa mpira wa magongo
aliyekuja na magongo mengine, ya kwapani;
msichana aliyehesabu miezi kwa vidole,
kisha akafunga koti;
na yule aliyeacha masomo bila kumwambia mtu,
tukamtumia ankara mpaka kwa bibi yake.

Jumatatu ya juma la tano akaja Kirsi Lahtinen,
kofia ya sufu kichwani, theluji ikimyeyukia mabegani.
Hakulia. Wanaolia ni nafuu kwangu,
nawasogezea karatasi laini, dakika zinapita.
Yeye aliweka ufunguo wa bweni juu ya kaunta
akauliza, "Nadaiwa kiasi gani?"

Baba yake ni dereva wa gari la kukwangua theluji.
Kiharusi kilimpiga Jumatano usiku
akiwa bado kwenye usukani, injini inanguruma,
taa ya njano inazunguka juu ya barabara tupu.
Nyumbani kabaki mdogo wake wa miaka tisa
na mbwa anayekataa kulishwa na jirani.

Nikabonyeza. Karo ya muhula, dola elfu nne mia sita,
zote za mkopo.
Ijumaa, siku ya mwisho ya robo,
dhoruba ilitufungia milango.
Leo ni Jumatatu. Mashine ikaandika sifuri,
duara safi, kama mdomo wa mtu anayeshangaa.

Watu husema dawa ya deni ni kulipa.
Hapa dirishani dawa ya deni ni tarehe.

Nikamwuliza swali lisilokuwemo kwenye fomu
ila limo kwenye kanuni, ukurasa wa arobaini na moja,
kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa:
"Kabla ya leo, kuna yeyote wa chuo
uliyemwambia kwamba unaondoka?"

Akafikiri. Tone likadondoka kwenye ufunguo.
"Bwana Gauthier, wa kemia. Alhamisi.
Nilikuwa naosha chupa za maabara,
nikamwambia, sitalimaliza jaribio hili, narudi nyumbani.
Akasema, ziache, nitaziosha mimi."

Nikapiga simu. Upande wa pili kimya,
kisha kiti kikalalamika.
"Alhamisi," akasema, "saa nane na robo.
Niandikie popote nitie saini.
Na chupa, mwambie, bado sijaziosha."

Nikaandika Alhamisi.
Sifuri ikafutika, ikaja elfu moja mia moja hamsini.

Usidhani alitoka na noti mkononi.
Fedha zilirudi kwa mkopeshaji, kimyakimya,
njia ile ile zilizojia,
na salio likabaki na Kirsi, limepungua tu,
kama gunia ulilotoa kibaba kimoja
na bado linataka mgongo.
Alisoma risiti mara mbili.
Akaniuliza kama basi la saa kumi linapita leo.
Sikujua. Miaka kumi na tisa, na sikujua.

Jioni, chini ya jedwali, nikaandika kwa kalamu:
*Ukiondoka, sema. Sema siku hiyo hiyo.
Msemeshe hata mwalimu unayemwogopa.*
Asubuhi mkuu wa idara alikuwa amelibandua,
akaweka jipya, lisilo na doa.

Nimeandika tena.
Safari hii kwa herufi ndogo, ndogo kabisa,
zifanane na kanuni.